Karafuu Zataka Jua: Kisa cha Mchoraji Aliyepanda Jukwaani

Ukumbi wenyewe ulikuwa ua wa nyuma wa nyumba moja ya wageni ndani ya Mji Mkongwe, viti vya plastiki visivyofika mia. Mpwa wangu alikuwa wa tatu kupanda. Akaanza kisa chake cha harusi ya Wete, kisiwani Pemba: gari ya bwana harusi imepambwa maua, honi zinalia, mara dereva anakanyaga breki kwa sababu nusu ya barabara imeanikwa karafuu, na mwenye karafuu ni baba wa bibi harusi mwenyewe. Kisa kilikuwa cha dakika sita. Ndani yake mlikuwa na shekhe anayetazama saa, mpambe aliyevaa koti zito anayechuruzika jasho, na mashangazi wanaoshuka mmoja mmoja kwenda kumsihi mzee akunje mikeka yake, gari ipite. Mpwa wangu akafika pale mzee anaponyanyua uso. Akavuta pumzi. Kabla hajafungua mdomo, ukumbi mzima ukamjibu kwa sauti moja: "Nikaha hata usiku hufungwa. Karafuu zataka jua!"

Watu wakacheka na kupiga makofi. Yeye alisimama na kipaza sauti mkononi, hana la kusema, kwa sababu alilokuja kulisema limeshasemwa.

Kibonzo cha harusi ile, alichokichora mwenyewe, kilikuwa kimetoka gazetini Alhamisi. Kufika Ijumaa jioni kilikuwa kimezunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya mji mzima, na wengine walikuwa wamelikata jina lake pembeni. Jumamosi usiku ndiyo akapanda nacho jukwaani.

Nakiandika kisa hiki kwa sababu vijana wenye vipawa viwili huniuliza swali lile lile: nishike kalamu au nishike kipaza sauti? Kwa miaka mingi niliwajibu kana kwamba ni suala la muda, kwamba mtu agawe wiki yake vizuri na mambo yatakwenda. Usiku ule ulinionyesha kwamba nilikuwa nikiwapa jibu lisilo lao.

Nimepanga kurasa za gazeti kwa miaka 14, na ni mimi niliyempelekea mhariri mchoro wa kwanza wa kijana huyu, mtoto wa dada yangu, alipokuwa bado skuli. Jukwaa alilipata mwenyewe. Lilianzia barazani kwao Ng'ambo, penye gahawa na kashata, ambako wazee walikuwa wakimwambia "hebu tuhadithie ile ya boti," naye anaihadithia kila siku kwa namna nyengine. Kwa hiyo alipokuja kwangu asubuhi ya Jumapili, macho mekundu, akasema, "Mjomba, naacha jukwaa," na baada ya kikombe cha pili akasema, "Au niache kuchora," nilijua hakuna kati ya hayo mawili analoweza kuliacha kwa hiari yake.

Nilimwambia akalete madaftari yote.

Tulikaa siku nzima sakafuni. Alikuwa na michoro 48 iliyochapishwa mwaka ule, na alikuwa amepanda jukwaani mara 17. Ana tabia nzuri ya kuandika tarehe na kuweka alama kila anaposhuka: nyota kwa usiku mzuri, mstari kwa usiku mbaya. Tukaanza kulinganisha. Katika zile mara 17, mara 11 alikuwa ametumia jambo ambalo tayari limeshatoka gazetini, na karibu zote zilikuwa na mstari. Yeye alikuwa akiamini amechoka. Alidhani kuchora mpaka saa nane za usiku ndiko kunakomfanya awe mzito jukwaani siku ya pili. Lakini mara sita zilizobaki, zile alizopanda na maneno mapya kabisa, zilikuwa na nyota, na mbili kati ya hizo aliwahi kukesha akichora usiku wa kuamkia. Kilichokwisha kilikuwa akiba ya vichekesho. Nguvu alikuwa nazo.

Hapa ndipo ukubwa wa mahali unapoingia. Mchekeshaji wa Dar es Salaam akitunga dakika kumi nzuri anaweza kuishi nazo miezi: leo Sinza, wiki ijayo Mbagala, baadaye Dodoma au Mwanza, na kila penye ukumbi kuna sura mpya. Kwa sensa ya 2022, Dar es Salaam peke yake ina watu 5,383,728. Zanzibar nzima, Unguja na Pemba pamoja, ina 1,889,773, na wanaotoka usiku kwenda kusikiliza vichekesho mjini ni wachache unaoweza kuwatambua kwa majina. Usiku wa tatu wa kisa kile kile, unawachekesha watu waliokwisha kucheka. Ukiongeza na gazeti lililokula kichekesho hicho hicho Alhamisi, basi umekichinja kabla hakijazaliwa. Kazi mbili zinakula sahani moja, na sahani yenyewe ni ndogo.

Kuna aliyeniambia, nilipomsimulia, kwamba ukumbi kumjibu ni heshima. Nimelifikiria sana hilo, kwa sababu lina ukweli. Kwenye taarab watu wameuhifadhi mstari, na ndio huo wanaoungoja; ukifika wanainuka na noti mkononi kwenda kutunza. Hadithi zetu nazo zilianza kwa msikilizaji kuitikia. Lakini wimbo haupungui kwa kujulikana, na kichekesho kinapungua. Kicheko kinatoka pale sikio linapokwenda njia moja na neno likaja kwa njia nyengine. Wachekeshaji wenyewe huliita neno hilo panchi, lile la mwisho linaloangusha ukumbi. Likishajulikana, kinachobaki ni shangwe ya kukumbuka, nayo ni nzuri, ila huwezi kuijengea dakika sita.

Baada ya kuhesabu, tukaanza kazi ngumu zaidi: kuuliza kila kichekesho kwao ni wapi. Hapa ndipo nataka kukaa kidogo, maana ndipo nilipojifunza.

Chukua mchoro wake mmoja wa daladala ya njia ya 309, ile iendayo Jambiani, gari ya ubavu wa mbao yenye paa la chini. Ndani amekaa mgeni mrefu, magoti yapo usawa wa masikio, shingo imepinda, na juu ya mapaja yake bibi mmoja ameweka kikapu chenye kuku, kwa utulivu wa mtu aliyepata meza. Hakuna neno hata moja. Jicho linacheka kabla akili haijajua linacheka nini. Jioni moja alikipeleka jukwaani, akakieleza kwa dakika nne: alivyokaa, alivyopinda, kikapu kilipo. Ukumbi ukapoa. Maneno yalikuwa yanajenga pole pole kitu ambacho jicho hukimeza mara moja, na msikilizaji alichoka kabla picha haijakamilika kichwani mwake.

Sasa chukua kinyume chake. Ana kisa cha watu watatu wanaosubiri boti bandarini, mmoja wa Pemba, mmoja wa Makunduchi, mmoja wa mjini, wote wanauliza swali moja tu: boti imeshafika? Wanachotofautiana ni namna sauti inavyopanda na kushuka, na muda kila mmoja anaochukua kufika mwisho wa swali. Kwa mdomo, kisa hicho kimewahi kuwaliza watu machozi. Alipokichora kikawa watu watatu wamesimama na viputo vitatu vyenye maneno yale yale. Lafudhi haichoreki. Ukijaribu kuiandika unaishia kuwafanya watu waonekane hawajui kusema, jambo ambalo yeye hakulikusudia hata kidogo.

Nilimpa mfano wa kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Mji ni pambo la katikati, jina ni yale maneno ya chini. Kanga nzuri jina halielezi mji. Ukiona kanga yenye mji wa embe na jina linalosema "embe tamu," hakuna mwanamke atakayeinunua kumpelekea mtu ujumbe. Kibonzo ni hivyo hivyo. Mchoro useme hili, maneno yaseme lile, na msomaji akutane na kicheko katikati. Jukwaani huna mji, una jina tu, na jina hilo inabidi ulicheleweshe mpaka wakati wake. Aliponielewa akachukua daftari jipya, akaligawa kila ukurasa safu mbili. Moja akaiandika "mkono," ya pili "mdomo." Kila jambo la kuchekesha analolisikia sokoni Darajani au kwenye gari anaamua papo hapo linakwenda safu ipi.

Lakini safu hizo mbili hazikutosha, kwa sababu kuna mambo ya haraka na mambo ya kudumu. Umeme ukikatika siku tatu, vitunguu vikipanda bei, maji yasipotoka Kikwajuni, kichekesho chake kinaoza ndani ya wiki. Hayo tukakubaliana ni ya mkono, yaende gazetini moja kwa moja. Mama mkwe, harusi, safari ya boti, mtoto aliyerudi kutoka Uarabuni, hayo hayaozi. Ni ya mdomo, yapikwe taratibu. Jukwaani unaweza kukata neno moja leo na jengine kesho mpaka kisa kikae sawa. Gazetini kikishachapwa kimekwisha, kosa lake utalitazama maisha yako yote. Kwa hiyo machache yanayofaa pande zote mbili tuliyapangia: kwanza jukwaa, mwezi mmoja au miwili, ndipo yaje kwenye karatasi, na yakija, panchi iwe nyengine.

Swali la wizi lilitusumbua hapa. Kijana mmoja alikichukua kisa cha karafuu kama kilivyo na kukiigiza kwenye video yake ya simu. Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar, Namba 14 ya 2003, inalinda namna kazi ilivyoelezwa, na wazo lenyewe liko huru kwa kila mtu. Mchoro una mwenyewe anayeonekana. Kisa kilichosemwa usiku mmoja mbele ya watu themanini ni vigumu kukidai. Ndiyo maana nilimsisitiza achore hata yale ya mdomo, mchoro mdogo tu wenye tarehe, aufungie daftarini. Kalamu inamwekea hati ya mali ambayo mdomo haujaiuza bado.

Kuhusu pesa nitasema kwa ufupi. Gazeti lilikuwa likimlipa kwa mchoro, malipo madogo yanayoweza kuchelewa miezi miwili. Hoteli inalipa usiku ule ule, mara nne ya mchoro, lakini ni msimu wa wageni tu; masika ikiingia simu hailii. Halafu kuna Ramadhani, ambayo hapa kwetu jukwaa linafungwa mwezi mzima, na ndivyo inavyostahiki. Hilo vijana wengi hawalihesabu: Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa miladi. Kwa miaka kadhaa iliangukia ndani ya masika, wakati ambao hata hivyo hapakuwa na kazi. Sasa inaingia Februari, inaelekea Januari, katikati ya msimu wa wageni, na mwaka 2030 itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na mwishoni mwa Disemba. Mchekeshaji wa Zanzibar asiyekuwa na kazi ya pili atauona mwaka huo ni mrefu. Mpwa wangu mwezi huo anachora: kadi za Iddi, michoro ya vitabu vya watoto, na vibonzo vya akiba. Na anajaza safu ya mdomo, kwa sababu usiku wa Ramadhani barazani ndiko kunakosemwa mambo.

Kinachomla zaidi ya vyote ni muhali, ile haya ya kumkatalia mtu. "Nichoree mwanangu, si dakika tano tu." "Njoo uwachekeshe wageni kwenye harusi ya mdogo wako, utakula pilau." Hawezi kukataa, na mimi simlaumu, maana hata mimi nisingeweza. Tulichofanya ni kumpa sababu ya kweli ya kusema: kwa mwezi atoe mchoro mmoja wa bure na harusi moja ya bure, na akishatoa anasema nimeshatoa. Jamaa wamelipokea hilo vizuri kuliko nilivyotarajia.

Dada yangu alikuwa na hofu yake. Kwake kalamu ilikuwa kazi ya heshima na jukwaa ni kujitembeza. "Kaka, gazetini haonekani uso," aliniambia. "Kule juu watu wanamtazama mwanangu wakimcheka." Nilimjibu kwamba wanacheka naye, lakini neno hilo halikumfariji, na ninaielewa hofu ya mama. Alichokuwa akikiamini ni kwamba kalamu ni salama kuliko mdomo. Mimi niliyekaa afisi ya gazeti nimeona vyengine. Neno la jukwaani linapita na upepo, picha inabaki. Oktoba 2019 mchekeshaji Idris Sultan alihojiwa na polisi Dar es Salaam, na kilichompeleka huko ilikuwa picha aliyoiweka Instagram, aliyobadilishana sura na Rais. Mchoraji ana mhariri wa kumzuia, na huo ni ulinzi hata anapouchukia. Mchekeshaji ana nyuso zilizo mbele yake. Akivuka mpaka ataona kwenye macho ya watu wa mbele kabla hajaenda mbali. Kila kazi ina mlinzi wake, na aliyezoea mlinzi wa upande mmoja anaweza kujikwaa upande wa pili. Mpwa wangu amekwisha kujikwaa hivyo mara moja: alimchora jirani kwa wepesi ambao jukwaani angeupunguza baada ya kumwona jirani mwenyewe amekaa kiti cha tatu. Tulikwenda kuomba radhi, mimi na yeye, na jirani akatusamehe.

Dada yangu alibadilika siku alipokuja mwenyewe, akakaa nyuma kabisa na buibui lake, akasikia kisa cha boti. Hakusema kitu njiani. Tulipofika nyumbani akamwambia, "Yule bibi wa kwenye boti ni mama yangu. Mguu wa kushoto ndio alioburura, si wa kulia."

Katikati ya haya yote kijana alipata wazo la kuunganisha kazi mbili ziwe moja: achore pale pale jukwaani. Si jambo geni duniani. Mwaka 1906 Winsor McCay, mchora katuni wa magazeti ya New York, alipanda majukwaani akawa anachora nyuso mbili, mwanamume na mwanamke, akiwakuza kwa chaki kutoka utotoni mpaka uzeeni, michoro 25 kwa dakika 15. Watu walimpenda kiasi kwamba mwenye gazeti aliyemwajiri baadaye, William Randolph Hearst, alimbana, akamkataza kwenda kuonyesha nje ya New York. Namkumbuka McCay kila ninapomwona mhariri analalamika kwamba mchoraji wake anaonekana sana mjini.

Kwetu jaribio la kwanza lilikuwa uwanja wa wazi, kusi inavuma, na upepo uliichukua karatasi ya pili. Hilo lilitibika kwa ubao na vibanio. Lisilotibika upesi ni kwamba anayechora huwapa watu mgongo. Mchekeshaji anaishi kwa nyuso. Akigeuka sekunde arubaini anarudi na kukuta watu wako kwenye simu zao. Baadaye alijifunza hila ya zamani ya wachoraji wa jukwaani: kuchora nyumbani karibu kila kitu kwa penseli nyepesi isiyoonekana kutoka vitini, kisha mbele ya watu aongeze mistari michache ya wino mzito, amegeuka ubavu, huku anasema. Kwa sasa anaitumia mara moja tu kwa usiku, mwishoni, na inafanya kazi pale mstari wa mwisho unapobadilisha maana ya mchoro mzima. Sidhani ndiyo njia ya maisha yake. Ni kitoweo kizuri.

Kisa cha karafuu alikiweka kando karibu mwaka mzima. Nilidhani kimekufa. Msimu wa vuli akaalikwa Wete, akanitaka nimsindikize, tukapanda boti mpaka Mkoani na gari kutoka hapo. Njia nzima barabara ilikuwa na mikeka pembeni, na harufu ilituingia mpaka nguoni. Usiku akasimama mbele ya watu ambao karafuu ndiyo ada ya skuli na bati la paa, watu wanaojua kwamba mvua ya saa moja juu ya karafuu mbichi inaifanya mpeta, karafuu iliyoharibika, na bei inaporomoka. Aliwaambia ukweli: kwamba mjini walimwahi panchi yake, akasimama kama mlingoti. Akawasimulia ilivyokuwa. Wakacheka kwa ajili yake, na mwishoni alipowaachia nafasi, wakaisema wenyewe, taratibu, kwa lafudhi ya kwao, na safari hii ilikuwa imetengenezwa iwe hivyo.

Tulipokuwa tunakunywa chai baadaye, mzee mmoja alimvuta mkono. "Umekosea, mwanangu. Mimi yalinifika hayo. Hatukungoja usiku. Tuliifunga nikaha pale pale barabarani, shekhe kakaa ukingoni mwa mkeka, na mashahidi wangu wawili wakiendelea kugeuza karafuu."

Mpwa wangu alitoa daftari. Aliliandika kwenye safu ya mdomo, akalitazama, akalifuta. Kisha kwenye safu ya mkono akaanza kuchora viganja vinne ndani ya karafuu, na juu yake nyuso mbili zilizoinama zikisikiliza hutuba kwa makini.